Amana ya Bastola Ndogo: Uchambuzi wa Silaha ya Kujihami katika Mkoa wa Singida

Mtu abebaye fedha njiani, awe mnunuzi wa alizeti azungukaye Mkalama na Iramba wakati wa mavuno, au mfanyabiashara wa dhahabu atokaye machimbo ya Londoni na Sambaru, au mchuuzi wa ng'ombe arudiye kutoka mnadani jua likiwa limekwisha kuchwa, huishi na hofu ambayo haifai kubezwa. Na ikiwa dola imemruhusu kumiliki bastola kwa ajili ya kuilinda nafsi yake, hukabiliwa mara moja na suala ambalo karatasi ya leseni haiwezi kumjibia: je, chombo hiki kitaitika siku nitakapokiita? Suala hili limezidi kuwa gumu katika zama zetu, kwa kuwa biashara ya silaha ulimwenguni imejaa bastola fupi zilizotengenezwa kwa kufuatisha mfano wa viwanda mashuhuri, pamoja na vipuri vya kila namna, mitutu, springi, vifyatulio na magazini, ambavyo wauzaji wake hunadi kwamba vitaifanya silaha iwe nyepesi zaidi, laini zaidi na yenye shabaha zaidi kuliko ilivyotoka kwa muundaji wake wa kwanza.

Dai la uchambuzi huu ni kwamba uaminifu haukai ndani ya jina la bastola wala ndani ya bei yake, bali hukaa katika mfululizo wa watu na mambo yaliyoifikisha mkononi mwa mwenyewe. Wanazuoni wa hadithi za Mtume, walipotaka kujua kama neno waliloletewa ni sahihi, hawakuutazama ufasaha wa neno hilo peke yake. Waliichunguza isnadi yake, wakauliza nani amelipokea kwa nani, na mpokezi mmoja asiyejulikana alitosha kuutia udhaifu mfululizo mzima. Silaha nayo ina isnadi: aliyeifua, aliyeijaribu, aliyeitia risasi, aliyeitunza na anayeishika. Bastola ya vipuri vya kuunganisha ni silaha ambayo isnadi yake imekatwa mahali fulani, na mwenye kuinunua, ajue asijue, ameichukua dhima ya kuiunga tena kwa mikono yake.

Nini maana ya silaha kuaminika

Aghalabu watu husema silaha inaaminika kwa maana ya kwamba ikivutwa kifyatulio hulia, na maana hiyo ni nusu tu ya haki. Silaha ya kujihami ina wajibu wa namna mbili: kuitika inapoitwa, na kunyamaza isipoitwa. Bastola ifichwayo kiunoni hukaa na mwili wa mwanadamu kutwa nzima, hupanda naye bodaboda, huketi naye basini, huingia naye nyumbani mwenye watoto. Na katika umri wa mmiliki wa kawaida huenda dakika ya kuitwa isifike hata mara moja, ilhali saa za kunyamaza ni maelfu juu ya maelfu. Anayeipima bastola yake kwa mlio peke yake ameupima wajibu ulio mdogo kwa wingi, akauacha ulio mkubwa bila kuuangalia.

Jinsi wajibu huu wa pili ulivyo dhaifu hata mikononi mwa wakubwa wa sanaa hii, ulimwengu uliona mwaka 2017. Mwezi Januari wa mwaka huo jeshi la Marekani liliichagua bastola ya P320 ya kampuni ya SIG Sauer kuwa silaha yake mpya ya mkononi. Na mwezi Agosti kampuni hiyo hiyo ikatangaza kuwabadilishia wateja wake wa kiraia sehemu kadhaa za ndani bila malipo, baada ya kudhihirika kwamba bastola hiyo ikianguka kwa pembe fulani iliweza kulia pasipo kidole kukigusa kifyatulio. Miongoni mwa sababu ulikuwamo uzito wa kifyatulio chenyewe, ambacho silaha ilipogota chini kiliendelea na mwendo wake kana kwamba kimevutwa, na dawa yake mojawapo ilikuwa kukiweka chepesi zaidi. Ikiwa kiwanda chenye wahandisi na maabara kiliweza kupitwa na gramu chache za chuma, mtu anayekinunua kifyatulio cha kufuatisha kwa sababu ni laini kidoleni, kisha akakitia mwenyewe juu ya meza ya nyumbani, ana ushahidi gani kwamba hakuigusa ile mizani isiyoonekana kwa macho?

Mapokeo ya silaha katika nyika ya kati

Nyika ya Singida si ngeni katika jambo la silaha zitokazo mbali zikiwa na sifa zisizothibitishwa. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilivuka Ugogo, kisha ikaingia katika lile pori la kutisha lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya ya Manyoni upande wa Itigi. Na katika karne ya 19 bunduki za gumegume, na baada yake bunduki za fataki, zilipita njia hiyo kwenda bara, na pembe za ndovu zikaipita kurudi pwani. Mtemi Nyungu ya Mawe wa Wakimbu, aliyefariki mwaka 1884, aliisimamisha dola yake katika misitu ya kusini ya nchi hizi kwa nguvu ya askari wake waitwao rugaruga, na bunduki ilikuwa miongoni mwa zana za nguvu hiyo.

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa imekwisha kujifunza, kwa gharama ya vidole na macho ya raia wake, kwamba muuzaji wa bunduki hafai kuwa shahidi wa bunduki yake mwenyewe. Chama cha mafundi bunduki cha London kilipewa hati yake ya kifalme mwaka 1637 na kikashika kazi ya kuijaribu mitutu. Mji wa Liège nchini Ubelgiji ukawa na amri ya majaribio mwaka 1672. Mji wa Birmingham ukapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Na mwaka 1914 ikaundwa tume ya kudumu ya mataifa, iitwayo CIP kwa kifupi, ili majaribio ya nchi moja yakubaliwe na nchi nyingine. Kazi ya nyumba hizo ni nyepesi kuieleza: silaha hupigwa kwa risasi yenye mkandamizo uliozidi kiasi cha kawaida, ambao kwa bastola chini ya kanuni za tume hiyo ni ziada ya asilimia 30, na ikitoka salama hutiwa mhuri ambao mnunuzi wa mwisho, asiyemjua fundi wala kiwanda, anaweza kuusoma na kutulia.

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulileta sura nyingine. Mataifa ya Ulaya, kwa hoja ya kuikomesha biashara ya watumwa, yalizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika Afrika baina ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, yakamwachia Mwafrika bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida. Toka zama hizo hadi zetu, gobore, ile bunduki ya kushindilia kwa mbele, imebaki katika vijiji vya bara. Na pale ambapo bunduki kuukuu zilikwisha, wahunzi wa kienyeji walizifuatisha kwa chuma walichokipata, hata cha mabomba ya maji. Sitaki kuwadharau wahunzi hao, kwa sababu ustadi wao katika majembe, mikuki na mishale umewalisha na kuwalinda watu kwa vizazi. Lakini chuma kilichoundwa kupitisha maji hakikuundwa kuzuia mlipuko, na gobore la namna hiyo halijapita mbele ya shahidi yeyote kabla ya kufika shavuni mwa mwenyewe. Likipasuka, humpasukia aliyelishika.

Nayataja haya kwa sababu gobore la kijijini na bastola ya vipuri inayong'aa ndani ya kasha lake, ingawa zinatofautiana kwa sura na kwa thamani kama mbingu na ardhi, zinaulizwa swali moja na zinashindwa mahali pamoja. Kila moja imeunganishwa kwa sehemu ambazo hazikukusudiwa kuwa pamoja, na kila moja humtegemea mwenyewe kuwa ndiye mjaribu wake wa kwanza na wa mwisho.

Utaratibu wa bastola fupi

Ili hukumu yetu isiwe ya maneno matupu, hapana budi kuitazama kazi ifanywayo na bastola baina ya risasi moja na nyingine. Pini hupiga fataki iliyo kitakoni mwa risasi, baruti huwaka, gesi hupanda mkandamizo ambao kwa risasi ya milimita 9 iliyo mashuhuri huruhusiwa kufikia zaidi ya mara 2,000 ya ule wa hewa tunayoivuta, kichwa cha risasi hutoka, na sehemu ya juu ya bastola hurudi nyuma kwa nguvu, ikilivuta ganda tupu kwa ndoano ndogo, ikalitupa nje, ikaikandamiza springi, kisha ikasukumwa mbele na springi hiyo hiyo, ikaichukua risasi nyingine kutoka katika magazini na kuifungia ndani ya chemba. Yote hayo hutimia chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Asili ya utaratibu huu, katika bastola nyingi za leo, ni kazi ya John Browning, Mmarekani aliyefariki mwaka 1926. Na Gaston Glock wa Austria, ambaye bastola yake ilikubaliwa na jeshi la nchi yake mwaka 1982, aliupunguzia idadi ya vipande na kuutia fremu ya plastiki ngumu, kisha mwaka 1988 akatoa Glock 19, umbo fupi ambalo viwanda vingi vimelifuatisha tangu ulinzi wa hati za uvumbuzi ulipokwisha muda.

Kuifupisha bastola si kuikata tu. Mtutu ukifupishwa, sehemu ya juu nayo hupungua urefu na uzito. Kitu chepesi kikisukumwa kwa nguvu ile ile hurudi kwa kasi zaidi. Springi ya kukizuia hulazimika kuwa ngumu zaidi. Na springi ya magazini hupewa muda mchache zaidi wa kuinyanyua risasi inayofuata mpaka mahali pake. Kila nafasi ya kasoro iliyokuwamo katika bastola kubwa huwa imebanwa. Kwa hiyo bastola ndogo, ambayo watu huipenda kwa kuwa hufichika vyema, ndiyo inayostahimili kwa uchache zaidi mabadiliko ya kiholela.

Vyanzo vya kukwama vikichambuliwa, huonekana kuwa vinne vikubwa. Cha kwanza ni magazini, ambayo midomo yake ikipinda au springi yake ikilegea huileta risasi kwa pembe mbaya. Cha pili ni risasi yenyewe, iwe ya zamani, au iliyolowa unyevu, au yenye nguvu ndogo isiyoweza kuirudisha sehemu ya juu hadi mwisho wa njia yake. Cha tatu ni ndoano ya kutolea ganda, kipande kidogo ambacho kikilika au kikijaa uchafu hulisahau ganda ndani. Cha nne ni uwiano wa springi, na hapa ndipo vipuri vya kuunganisha vinapoleta taksiri kubwa: springi ya pini ikilegezwa ili kifyatulio kiwe laini, pini hupiga fataki kwa upole, na fataki ngumu hukataa kuwaka; mtutu uliochongwa kubana sana kwa ajili ya shabaha hukataa risasi ambayo ni nene kwa unywele; na sehemu ya juu iliyotobolewa matundu ya urembo hubadilika uzito na hupokea vumbi.

Haifuati kwamba kila kipuri kisicho cha kiwanda mama ni kibaya. Viko viwanda vinavyotengeneza vipuri kwa uangalifu mkubwa, na bastola za kufuatisha ambazo zimepita majaribio makali. Hoja ni kwamba ubora wa kila kipande peke yake hauthibitishi ubora wa mkusanyiko. Mtutu mwema na springi njema na kifyatulio chema, vikitoka kwa watengenezaji watatu ambao hawakupata kuonana, vinaweza kuunda bastola mbaya, na hakuna hata mmoja kati ya watatu hao atakayekubali kuijibia.

Hesabu ya majaribio

Mtu aliyekwisha kuiunganisha bastola yake atasema: nimeipeleka kulengea shabaha, nimepiga risasi 50, haikukwama hata mara moja, basi shaka iko wapi? Jibu lake limo katika kanuni ya hesabu inayojulikana na watu wa takwimu, isemayo kwamba kitu kikijaribiwa mara kadhaa bila kushindwa, tunaweza kudai kwa yakini ya asilimia 95 kwamba kiwango chake cha kushindwa hakizidi tatu kugawanywa kwa idadi ya majaribio. Tatu ukigawanya kwa 50 hupata asilimia 6. Maana yake ni kwamba mwenye risasi 50 zilizolia salama bado hawezi kukanusha kwamba bastola yake hukwama takriban mara moja katika kila 17, na silaha ya kiwango hicho, ikipigwa risasi kumi mfululizo, ina karibu nusu ya uwezekano wa kukwama kabla ya kuzimaliza. Akipiga 300 bila kasoro ameishusha shaka hadi moja katika mia. Majaribio yaliyotangulia kukubaliwa kwa bastola ya Browning na jeshi la Marekani mwezi Machi 1911 yalimaliza risasi 6,000 pasipo bastola hiyo kukwama, na kwa kanuni hiyo hiyo mtu angeweza kudai kwamba haishindwi zaidi ya mara moja katika 2,000.

Tuipeleke hesabu hii Singida. Marekani, ambako desturi ya kubadili vipuri imestawi kuliko kwingineko, raia huweza kununua sanduku la mamia ya risasi dukani, akaenda uwanja wa kulengea shabaha ulio jirani na kuzimaliza kwa alasiri moja. Mmiliki wa Tanzania yuko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1991. Risasi zake hutolewa kwa kibali na kwa kiasi, bei yake ni nzito juu ya mfuko wa mtu wa kawaida, na kuzipiga ovyo porini ni kosa. Sioni ubaya wa masharti hayo, kwa kuwa nchi imepata faida kubwa kwa kuhesabu risasi zake. Lakini matokeo yake kwa jambo letu ni ya lazima: desturi ya kununua vipuri imetufikia kwa jina na kwa picha, na ile ya majaribio inayoihalalisha haikuja pamoja nayo. Mwenye bastola ya kuunganisha hana njia ya kawaida ya kupata ushahidi ambao silaha yake inauhitaji kuliko silaha yoyote nyingine. Mwenye bastola ya kiwanda isiyobadilishwa, kwa upande wake, hurithi majaribio ya watu wengine, maelfu ya risasi zilizokwisha kupigwa kwa silaha zilizo sawa na yake, na katika nchi ya risasi chache urithi huo ni mali ya thamani kubwa.

Vumbi, jasho na mkono

Singida ni nchi kame iliyo juu ya uwanda, ambako mvua hunyesha baina ya Novemba na Aprili, na miezi iliyobaki upepo huvuma juu ya mchanga mwekundu na mweupe. Vumbi hilo halichagui. Hupenya katika nguo, hupenya katika ala ya bastola, na pale linapokuta mafuta mengi hugeuka kuwa uji wa kusaga chuma; kwa hiyo ushauri wa nchi zenye unyevu, kwamba silaha imwagiwe mafuta tele, haufai hapa, bali ifutwe mara kwa mara, ipakwe mafuta machache mahali panaposuguana tu, na magazini yake iachwe kavu. Jasho ni adui wa pili, kwa kuwa bastola ikaayo kiunoni hupokea chumvi ya mwili kutwa nzima, na kutu huanzia katika vipande vidogo visivyoonekana, ndoano na springi, kabla ya kuonekana juu. Adui wa tatu ni joto la gari lililofungwa vioo, ambalo risasi zikiachwa humo miezi na miezi huichakaza baruti yake. Bastola za viwanda vikubwa zimejaribiwa kwa mchanga, kwa matope na kwa chumvi. Vipuri vya urembo aghalabu vimejaribiwa ndani ya ukumbi safi wa kulengea shabaha.

Liko pia suala la fundi. Siku bastola ya kiwanda itakapoharibika, kipuri chake kina jina, kina namba, na kinaweza kuagizwa kwa muuzaji mwenye leseni. Siku bastola ya kuunganisha itakapoharibika, mwenyewe atatafuta fundi, na asipompata atashawishika kumpelekea mtu mwenye tupa na mashine ya kuchomelea, naye kwa nia njema atachonga kile ambacho hakipaswi kuchongwa. Fauka ya hayo, silaha hutambulikana kwa dola kwa namba zake. Na katika nchi iliyotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, na iliyowaita wamiliki wote kuhakiki silaha zao mwaka 2016, mwenye bastola ambayo sehemu zake hazioani na kumbukumbu za polisi hujitia mwenyewe katika mashaka ya kisheria yasiyo na haja.

Mwisho wa isnadi ni mkono. Silaha timamu katika mkono usiofundishwa haiaminiki, na bastola ndogo humdai mshikaji wake kuliko kubwa, kwa kuwa mtutu wake mfupi hukuza kosa dogo la kulenga, mpini wake mdogo hauujazi mkono, na msukumo wake huulegeza mshiko, na mshiko uliolegea huweza peke yake kuikwamisha bastola isiyo na kasoro. Kubeba kwa siri kunataka ala imara inayokifunika kifyatulio chote. Bastola iliyotiwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu, au kuchomekwa mkandani bila ala, imevunja wajibu wa kunyamaza hata kama imetoka katika kiwanda bora duniani. Na nyumbani, mahali pake ni kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa mbali nayo, kwa sababu mtoto hana habari ya leseni.

Ulinzi usiokuwa wa chuma

Uchambuzi wa uaminifu wa silaha haukamiliki bila kuuliza kama silaha ndiyo jibu la kwanza. Wizi wa mifugo ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi waliunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu, na mtindo huo ukaenea kwa majirani zao. Nguvu yake haikuwa katika upinde na mshale pekee, bali katika yowe moja lililokitoa kijiji kizima nje. Biashara ya fedha kwa simu, iliyoingia Tanzania mwaka 2008, imemwezesha mnunuzi wa mazao kumlipa mkulima bila kubeba mkoba wa noti, na mkoba usiokuwapo hauna wa kuuvizia. Hata kwa mkulima wa pembezoni mwa mapori ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ambaye huwaza gobore kwa sababu ya tembo waingiao shambani, kuna elimu inayomfaa zaidi: uzio wa mizinga ya nyuki uliojaribiwa kwa mafanikio Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya, humfukuza tembo bila kumjeruhi na kumwachia mwenye shamba asali. Watu wa Singida hawahitaji kufundishwa nguvu ya nyuki, maana masimulizi ya Wanyaturu yanamtukuza Liti, mwanamke aliyewakabili askari wa Kijerumani kwa makundi ya nyuki mwanzoni mwa karne ya 20, na uwanja wa michezo wa mjini Singida unaitwa kwa jina lake.

Hukumu

Baada ya kuzipima hoja hizi, hukumu yangu ni hii. Mwenye haja ya kweli na leseni halali achague bastola ya kiwanda chenye sifa ya muda mrefu, isiyobadilishwa, na ya ukubwa wa kati badala ya ile iliyo ndogo kupita zote, kwa kuwa sentimita mbili zinazoongezeka kiunoni hulipwa kwa utulivu wa utaratibu wa ndani. Aitumie magazini ya kiwanda hicho hicho, na risasi za aina moja aliyokwisha kuithibitisha. Akitaka kubadili, abadili yale yasiyogusa mwendo wa silaha, kama alama za kulengea na ngozi ya mpini, kwa idhini ya mamlaka. Mtutu, springi, kifyatulio na pini aviache kama alivyovikuta. Bastola ya kuunganisha, ambayo mwenyewe hawezi kuipigia risasi mia tatu za ushahidi, asiikabidhi maisha yake. Na mwenye gobore au silaha yoyote isiyo na kumbukumbu, auitikie mwezi wa Septemba, ambao Umoja wa Afrika umeufanya kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha haramu, na ambao serikali yetu nayo imeutumia kuwapokea watu bila kuwashitaki.

Liko pia deni la dola. Sheria inayomtaka raia awe na silaha salama inapasa imwonyeshe pahali pa kuuthibitisha usalama huo. Mkoa wa Singida ungefaa kuwa na uwanja mmoja wa kulengea shabaha ulio chini ya uangalizi wa polisi, ambapo kila mmiliki angefika kwa zamu, akapiga kiasi maalumu cha risasi mbele ya mkufunzi na fundi, silaha yake ikakaguliwa springi kwa springi, na matokeo yakaandikwa katika kumbukumbu yake kabla leseni haijahuishwa. Nchi inayo Shirika la Mzinga mjini Morogoro linalotengeneza risasi, inao wakaguzi wa silaha katika jeshi na polisi, na inayo desturi ya uhakiki. Kilichobaki ni kuugeuza uhakiki wa karatasi uwe uhakiki wa chuma. Ulaya ilichukua karibu karne tatu kulijua jambo hili, na sisi hatuna sababu ya kungoja muda kama huo, maana kila bastola isiyojaribiwa inayotembea leo kiunoni mwa mtu katika barabara ya Manyoni au katika soko la Kiomboi ni hatari kwa mwenyewe, kwa watoto wake na kwa kila anayepita karibu naye.